Kioo cha laptopu kimekuwa giza? Kimulike tochi kwanza

Laptopu ya zamani inawaka, feni inavuma, ila kioo ni giza tupu? Usikimbilie kununua kioo kipya. Zima taa ya chumbani, washa tochi ya simu na ukimulike kioo kwa pembeni, karibu kabisa. Ukiona maandishi kwa mbali, kioo chenyewe ni kizima. Kilichokufa ni taa ya nyuma au umeme wake. Kwenye mashine za kabla ya 2010 hivi, mshukiwa wa kwanza ni inveta, kipande chembamba kinachoipa taa hiyo umeme, kilichofichwa chini ya kioo, na kwa kawaida bei yake ni ndogo kuliko ya kioo.

Picha ikija na kupotea unapochezesha mfuniko, mara nyingi ni waya unaopita kwenye bawaba. Mwambie fundi aanzie hapo.

Hela haijapatikana? Unganisha laptopu na TV kwa waya wa HDMI, ule wa kupitisha picha. Isipoonyesha, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows na P, kisha mshale wa chini, halafu Enter. Rudia mpaka picha itokee. TV nayo ikibaki giza, hapo huenda kioo unakisingizia bure. Zima mashine, toa betri, chomoa RAM (kijiti cha kumbukumbu), isafishe, irudishe.