Somo: kuchora superhiro waliosahaulika, ombi moja kila siku kwa siku 30

Kamwene wa Iringa na Njombe, mwagonile wa Tukuyu, na wengine wote poleni na baridi. Wengi mmeniuliza navyofanya ile chalenji ya kuchora superhiro mmoja kila siku kwa maombi ya watu, leo niko hapa Uyole ukungu haujaachia nikaona niandike yote mara moja. Mara ya kwanza niliishia siku ya 9. Niliwaambia watu ombeni yeyote, wakaomba Spider-Man na Batman, Spider-Man na Batman, na wale mkono unawachora kwa mazoea tu, wako kwenye mabegi ya shule na fulana za mtumba pale Mwanjelwa, huhitaji hata kuangalia. Asiyejulikana ndo anakufundisha kuangalia, maana usipomtazama vizuri kichwani huna kitu cha kukopi.

Hatua ya 1: chukua ombi lililokamilika. Jina peke yake halitoshi. Niliombwa Daredevil nikakaa saa nzima namchora yule wakili kipofu wa Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani, wa 1964, kumbe aliyeomba alimtaka Daredevil wa 1940, mtu mwingine kabisa, nguo nusu nyekundu nusu bluu, imegawanyika katikati toka juu mpaka chini. Blue Beetle ndo usiseme, wapo watatu: Dan Garret wa 1939, Ted Kord wa 1966 na Jaime Reyes wa 2006. Siku hizi nauliza jina, mwaka, na kitu kimoja anachokikumbuka.

Hatua ya 2: tafuta kurasa zenyewe usiku kabla ya kulala. Comic Book Plus na Digital Comic Museum wameweka vitabu vingi vya katuni vya zamani vya Marekani ambavyo hakimiliki yake imeisha, bure. Kama bando ni dogo fungua kurasa mbili tatu alizomo mtu wako, piga skrinishoti, zima data. Ila usome hadithi jamani, usiangalie picha moja ukakimbilia penseli. Red Bee wa 1940 ukimwona haraka ni jamaa tu wa nguo za mistari, ukisoma ndo unajua alifuga nyuki na mmoja aliyempenda anaitwa Michael, anakaa pale mbele kwenye chuma cha mkanda. Ukimchora bila Michael umechora mtu wa sarakasi.

Hatua ya 3, na hapa ndo somo lenyewe lilipo: kabla ya mstari wowote andika pembeni ya karatasi alama tatu za huyo mtu, umbo lake, nguo yake, na nguvu yake inavyoonekana kwa macho. Stardust wa 1939, aliyechorwa na Fletcher Hanks, alama yake ni umbo, mabega mapana kama mlango na kichwa kidogo, ukimrekebisha awe wa kawaida umempoteza. Fantomah wa 1940, wa mchoraji huyohuyo, akitumia nguvu zake uso unageuka fuvu ila nywele zinabaki vilevile, kwa hiyo mimi nilimchora katikati ya kugeuka, jicho moja la mtu, jingine shimo. Nguvu ndo ngumu kuliko zote. Matter-Eater Lad wa 1962 anakula kitu chochote, hata chuma, sasa ukimsimamisha mikono kiunoni nani atajua? Nilimpa nondo ya milimita 12 anaitafuna kama muwa, mashavu yamejaa, na watu waliocheka ndo walionionyesha wameelewa.

Hatua ya 4: mifupa ya picha, dakika 10 tu, penseli HB bila kukandamiza. Mtu wa kawaida tunampa urefu wa vichwa 7 na nusu, shujaa mpe 8. Kwenye A4 kichwa kikiwa sentimita 3 mwili wote unafika 24, nafasi ya juu na chini inabaki. Halafu wino. Mwezi wa sita na wa saba huku kwetu vidole vinakufa ganzi na wino unachelewa kukauka, shika kikombe cha chai kwanza, weka kipande cha karatasi chini ya kiganja, na usikaushe picha juu ya jiko la mkaa, itajikunja yote.

Hatua ya 5: saa moja na nusu ikiisha, acha. Andika jina la shujaa, mwaka, na jina la mchoraji wa kwanza kama linajulikana, piga picha karibu na dirisha bila flashi, tuma.

MASWALI

Dada wa Makambako: Kaka, natoka kazini saa 12 jioni na umeme unakatika, ntaweza kila siku kweli?

Jibu: Utaweza dada. Usiku tafuta kurasa na uandike zile alama tatu, asubuhi chora. Siku ikibana chora kichwa tu. Usilipe deni kwa kuchora wawili kesho yake, mimi ndo ilinivunja mara ya pili.

Mdau wa Mafinga: Kuweka karatasi juu ya skrini ya simu na kufuatisha mistari inaruhusiwa mkuu?

Jibu: Kwa zoezi lako fuatisha mkuu, mkono unajifunza. Ila kwenye chalenji usiitume hiyo, aliyeomba anataka jicho lako.

Mama wa Tukuyu: Mwalimu shikamoo, mwanangu yuko darasa la sita anataka kuanza na shujaa mweusi wa zamani. Kabla ya Black Panther alikuwepo?

Jibu: Marahaba mama. Alikuwepo. Black Panther ni 1966, Lion Man ni 1947, kwenye All-Negro Comics ya Orrin Evans, mwandishi wa habari mweusi wa Philadelphia. Lion Man ni mwanasayansi anayelinda mlima kule Gold Coast, ndo Ghana ya leo. Lilitoka toleo moja tu, la pili lilikwama kwa sababu Evans hakuweza kununua karatasi za kuchapia. Kwa hiyo kurasa za kumwangalia ni chache, mwanao azisome zote kwanza, aandike alama tatu, na mlima auchore kama Rungwe anaouona hapo nje.