SOMO: Namna ya kuonja ramu na kuzijua aina zake (soma mpaka mwisho kabla hujauliza "ipi nzuri")

Wakuu, salaam.

Nimesimama nyuma ya kaunta miaka tisa sasa, kwanza Zanzibar kwenye hoteli za watalii, halafu Dar. Kila wiki lazima atokee mtu aniulize: "Kati ya nyeupe na nyeusi, ipi nzuri?" Humu nako PM zimejaa hilo hilo. Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtupia uzi huu.

1. Achana na rangi. Ramu nyeusi inaweza kuwa changa kabisa, imetiwa karameli tu. Nyeupe nayo inaweza kuwa imelala kwenye pipa miaka mitatu, kisha ikachujwa kwa mkaa hadi rangi ikatoka. Wakuba wana mtindo huo tangu zamani. Mambo ya kuuliza ni haya: imetokana na nini (juisi mbichi ya miwa, au molasi, yaani lile tope tamu jeusi linalobaki kiwandani sukari ikishatolewa), imepikwa kwa mtambo gani (chungu, kinachobakiza harufu, au mnara, unaochuja zaidi), na imelala wapi, kwa muda gani.

2. Nunua tatu. Ukiwa na moja huna cha kulinganisha. Changeni watu wanne. Moja iwe ya Kuba au ya mtindo wa Kuba, ambayo ni nyepesi. Ya pili Barbados au Guyana. Ya tatu Jamaika.

3. Glasi. Tumbo pana, mdomo mwembamba. Ya mvinyo inatosha.

4. Mpangilio. Nyepesi kwanza, Jamaika mwisho. Ukianza na Jamaika, zote zinazofuata utadhani ni maji.

5. Kunusa. Usiizungushe glasi kama mvinyo, unaamsha kilevi kikuchome pua. Ishike usawa wa kidevu, fungua mdomo kidogo, vuta pole pole, ndipo uisogeze. Chupa yenye kilevi asilimia 63, kama ile ya Jamaika, Wray & Nephew Overproof ukiitumbukizia pua, kwa robo saa hutanusa hata vitunguu.

6. Maji na barafu. Hapa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipoaibika.

Mwaka wangu wa pili kazini nilijipongeza kwa chupa ya El Dorado ya miaka 12, ya Guyana. Nikawaita jamaa wawili nyumbani, nikamimina, nikatupia barafu kutoka friza yangu. Nikaonja. Ladha ya ajabu, kama chumvi, kama gamba la samaki. Nikasema nimeuziwa feki. Kesho yake nikarudi dukani na chupa, nikampandishia yule mzee mbele ya wateja. Hakunijibu. Alichukua glasi kavu, akamimina kidogo, akanisukumia. Nikanusa: sukari guru, tende, ngozi ya kiatu kipya. Safi kabisa. Akaniuliza tu, "Barafu yako inalala na nani?" Ilikuwa inalala na kilo mbili za dagaa wa Mwanza, mfuko wazi. Nililipa chupa nyingine kwa ajili ya aibu.

Kwa hiyo: barafu hubeba harufu ya kila kilichomo frizani. Igandishe kwenye chombo chenye kifuniko, itumie ndani ya siku chache. Maji ya bomba yenye klorini yanaharibu vilevile, tumia ya chupa. Na hata barafu ikiwa safi, kwenye kuonja usiitie, kwa sababu baridi inaziba harufu, na ramu karibu yote ni harufu. Onja kavu kwanza, kisha ongeza maji ya kawaida kwa kijiko cha chai, nusu nusu, ukinusa kila mara. Kwa ramu kali utaona matunda yanajitokeza baada ya maji. Ukizidisha hakuna kurudi nyuma, ndiyo maana nikasema kijiko, sio kumimina.

7. Mdomoni. Funda dogo, lizungushe, meza, toa pumzi kwa puani. Halafu andika ulichokipata kwa maneno yako. Kama ni embe lililopitiliza, andika embe lililopitiliza. Hakuna aliyekulazimisha kusema vanila.

Shiba kwanza, kunywa maji katikati, funguo za gari mpe mwingine. Maswali karibuni.

---

Mtoto wa Tegeta: Somo zuri mkuu. Sasa ipi nzuri, nyeupe au nyeusi?

Mleta mada: Hatua ya 1.

Mtoto wa Tegeta: Nimesoma haraka haraka tu, we nitajie moja.

Mleta mada: Soma pole pole.

Kaka Mkubwa: Ipi haina hangova?

Mleta mada: Ile iliyobaki kwenye chupa.

Ustadhi wa Mtaani: Ramu ukiiongezea "ha" mbele inakuwa nini? Nauliza tu.

Mleta mada: 😂 Nimekuelewa sheikh. Uzi huu sio wa kila mtu, na wewe umeshinda.

Binti Makorora: Nilionja ramu moja nyeupe ya Martinique, kisiwa cha Wafaransa kule Karibi, ilinukia majani, miwa iliyokatwa sasa hivi, na kama zaituni. Sikuamini ni kinywaji kile kile. Kwa nini?

Mleta mada: Dada, asante, swali la namna hii ndilo linanifanya niandike. Hiyo haikutokana na molasi. Ni juisi mbichi ya miwa, na juisi haikai, ikikaa inachacha, kwa hiyo lazima ishughulikiwe upesi baada ya kukamua. Ule ubichi unabaki mpaka kwenye glasi. Wafaransa wanaiita rhum agricole, na ya Martinique ina hati ya asili, AOC, tangu 1996, kama mvinyo wao. Nyingi zinatoka na asilimia 50 au 55, usishtuke. Wenyewe hawainywi na soda: kipande cha ndimu, shira kidogo ya miwa, basi, wanaita ti' punch. Huku Bahari ya Hindi zipo jirani zake, Réunion na Mauritius.

Binti Makorora: Na Jamaika kwa nini inanuka kama ndizi iliyooza na gundi?

Mleta mada: Umenusa sawasawa! Wanaacha ichachuke muda mrefu, kwa baadhi ya viwanda wiki moja hadi mbili, wakati wenzao wa ramu nyepesi wanamaliza kwa siku moja au mbili. Wengine wanarudishia masalia yaliyobaki kwenye chungu baada ya kupika, wanayaita dunder. Bakteria wanafanya kazi yao, zinazaliwa esta, na esta ndizo harufu ya ndizi, nanasi, na hiyo gundi. Kisha inapikwa kwenye chungu, ambacho hakichuji harufu kama mnara. Kiwanda cha Hampden ndio mabingwa wa hilo. Zile zenye harufu kali kuliko zote kwa kawaida hazinywewi peke yake, zinatiwa kidogo kuchangamsha nyingine.

Fundi Simu: Kwa hiyo Captain Morgan sio ramu? Acha dharau mkuu, sisi ndio tunakunywa hiyo.

Mleta mada: Nionyeshe nilipodharau. Ile ya Spiced Gold ni ramu iliyotiwa viungo, na kilevi ni asilimia 35. Kwa sheria ya Ulaya, chini ya 37.5 huruhusiwi kuiita ramu. Inywe na ndimu na soda kwa amani. Ila usiitumie kujifunzia, viungo vinaficha kila kitu.

Shemeji wa Moro: Huku kwetu gongo la miwa lipo. Si ramu hiyo?

Mleta mada: Kwa mmea, ndugu moja. Kwa usalama, hapana. Ukikuta methanoli humo inapofusha na kuua, na huwezi kuijua kwa kuonja wala kwa kuiwasha moto. Nisikilize kwenye hili hata ukinipinga mengine yote.

Baharia Mstaafu: Nyingine ni tamu kama soda. Sukari hiyo inatoka pipani?

Mleta mada: Hapana mzee wangu. Ikitoka mtamboni haina sukari, sukari inabaki chini. Utamu ule unatiwa baadaye. Ulaya wameweka kikomo, gramu 20 kwa lita. Jamaika hawaruhusu kabisa. Ujue hivi: dondosha matone mawili kwenye sahani nyeupe, acha usiku kucha. Isiyo na sukari inaacha doa jembamba, yenye sukari inanata kidoleni.

Baharia Mstaafu: Nimejaribu. Moja imenata kama shira ya kaimati.

Mleta mada: Hiyo utie kwenye keki. Kwa ndimu na ramu pigeni shira yenu wenyewe: sukari kikombe, maji kikombe, chemsha hadi iyeyuke, ipoe, weka kwenye friji.

Binti Makorora: Kwenye friji na dagaa?

Mleta mada: Dada, tulikuwa tunaelewana vizuri. Chupa yenye kifuniko. Na ramu yenyewe isimamisheni, msiilaze kama mvinyo, kilevi kinakula kizibo.