Namna ya Kujizoeza Subira kwa Sala

Watu wengi humwomba Mungu awape subira, kisha hutoka kanisani mbio kabla ya baraka ya mwisho. Mimi nimefanya hivyo miaka mingi, tena hapa Bagamoyo, mji ambao ngalawa zake hazina budi kuyangoja maji yajae au yapwe. Mtume Paulo, katika Wagalatia 5:22, anautaja uvumilivu kuwa tunda la Roho, na tunda haliivi kwa kuamriwa. Lakini shamba lake laweza kupaliliwa.

Usianze kwa kutafuta saa nzima ya ukimya, kwa sababu mwenye watoto, genge au zamu ya kazi hataipata, na akiikosa siku tatu ataacha. Tafuta mahali pamoja katika siku yako ambapo tayari unalazimika kungoja, upaweke sala. Mimi nilichagua jiko. Tui likishakauka katika wali, napunguza moto, nafunika sufuria na kupalia makaa juu ya mfuniko, na tangu hapo mpishi hana kazi nyingine isipokuwa kuuacha uive. Zamani nilikuwa nikifunua kila mara kuchungulia, mvuke ukatoka, na wali ukawa na kiini. Siku hizi nikishapalia huketi kwenye kigoda, nikasali tendo moja la rozari, yaani Baba Yetu moja na Salamu Maria kumi, nikivuta pumzi kati ya sala na sala, wala siinuki kabla ya Atukuzwe Baba. Asiyetumia rozari na aurudie polepole mstari wa Zaburi 46:10, “Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu.”

Kwa siku nzima, shika sala ya Malaika wa Bwana saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Ya mchana ndiyo ngumu, na kwa hiyo ndiyo yenye faida zaidi: kalamu, simu au kisu kiwekwe chini kwanza.

Jioni, soma fungu moja tu la Injili, na hapa ndipo ningekusihi usiharakishe hata kidogo. Chukua Marko 5:21-43. Lisome kwa sauti, lisome tena kimya, kisha jiweke mahali pa Yairo, ambaye binti yake yu karibu kufa na Yesu amekubali kwenda naye. Njiani Yesu anasimama katikati ya msongamano, anauliza ni nani aliyemgusa, na mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 anaeleza habari yake yote. Wakati huohuo inafika habari kwamba mtoto amekwisha kufa. Andiko halisemi Yairo alikuwa akifikiri nini alipokuwa amesimama pale. Kaa hapo naye, umwambie Mungu jambo lako linalochelewa, kisha nyamaza.

Ukipata Jumapili yenye nafasi, acha simu nyumbani, utembee njia ya miembe katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanza kazi hapa mwaka 1868, hadi kwenye ule mbuyu mkubwa ambao shina lake limeumeza mnyororo uliofungwa hapo zamani. Usipige picha. Tazama tu.

Utashindwa mara nyingi. Siku moja nilimkaripia dereva wa bajaji aliyekuwa akingoja abiria wa tatu, nami nina tendo langu la rozari nimelisali asubuhi hiyohiyo. Likitokea hivyo, usijiadhibu kwa kuongeza sala. Usiku pitia siku yako tangu ulipoamka, utambue haraka ilianzia wapi, na kesho yake umwombe radhi uliyemkosea. Nilimkuta yule kijana palepale kituoni.

“Yamekwisha, mama,” akasema. “Panda, ila bado tunangoja wawili.”

Nikapanda.