Somo: Kupanga vipaumbele vya kijiji bila kuwaacha maskini nyuma

Swali la jinsi kijiji kinavyoweza kuamua kianze na hitaji gani linarudi humu kila mara, kwa hiyo naandika mara moja. Aliye Newala, Nachingwea au Kilwa, huku kusini mwa Tanzania, afuate hivi.

1. Mwone mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, mpange siku. Epukeni siku za mnada wa korosho na kipindi cha kupulizia mikorosho salfa (dawa ya ukungu).

2. Orodhesheni mahitaji. "Umaskini" si hitaji. Andikeni kinachokosekana: maji ya karibu, darasa, njia inayopitika masika.

3. Punguzeni yabaki sita.

4. Pigeni kura, na msinyooshe mikono! Kuna kijiji kimoja Uwanda wa Makonde, mfanyabiashara anayekopesha salfa alisimama akasema barabara kwanza. Mikono ikamfuata, maana wengi pale wanadaiwa naye. Hata akina mama wanaoamka alfajiri kufuata maji bondeni walinyoosha kwa barabara. Kwa hiyo gawanyeni makundi: wanawake, wanaume, vijana, wazee, wenye ulemavu. Wekeni ndoo sita nyuma ya pazia, kila moja na mchoro wa hitaji kwa wasiojua kusoma. Kila mtu apewe punje tatu za mahindi, atumbukize anakotaka. Hesabuni hadharani.
ANGALIZO: Andikeni matokeo ya kila kundi kabla ya kujumlisha, la sivyo kundi kubwa litameza dogo. Na kaya za TASAF (kaya maskini zinazopata ruzuku ya serikali) zisiachwe eti "wao wameshapata".

5. Pelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe, nakala ifike kata mapema. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti hupangwa miezi mingi kabla.

MASWALI

Mjumbe wa Ruangwa: Kwa nini tusinyooshe mikono tu? Ni haraka.
Jibu: Soma hatua ya 4.

Mjumbe wa Ruangwa: Nimesoma. Ila kijiji chetu kidogo, tunajuana.
Jibu: Mkijuana ndiyo hatari zaidi. Kila mtu anajua nani anamdai nani.

Mama Tandahimba: Shikamoo mwalimu. Maji na zahanati vikilingana kura?
Jibu: Marahaba mama, umeuliza vizuri. Ulizeni: tukianza na hili, lile litapungua uzito? Maji safi yakifika karibu, kuhara kunapungua na foleni ya zahanati inapungua. Zahanati haileti maji. Yakilingana mengi, yapambanisheni mawili mawili; mahitaji sita yanatoa jozi 15, asubuhi moja inatosha.

Kijana wa Liwale: Sisi tunataka mtaji wa bodaboda.
Jibu: Usiushindanishe na kisima. Kuna mikopo isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Undeni kikundi, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Mama Tandahimba: Ahsante. Ndoo za plastiki zinafaa?
Jibu: Zinafaa, ila tandikeni kitambaa ndani. Punje ikilia, aliye nje ya pazia anajua imeangukia wapi.