Kuanza mpira wa pete ukiwa na miaka arobaini na kitu

Mimi ni mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, na jioni nacheza mpira wa pete, namba yangu GD, yaani mlinzi anayezuia wafungaji. Wenzangu wakiniona napita na raba mkononi huniuliza: "Kwani kuinama juani kutwa nzima si mazoezi hayo?" Ni mazoezi, sibishi. Ila kazi yetu inarudia mkao uleule: kiuno kimepinda, mikono inatandaza, inageuza, inazoa. Mgongo unachoka, lakini moyo haujakimbizwa na miguu haijaruka hata mara moja. Nawaandikia wanawake walioacha kucheza tangu shule ya msingi, wanaodhani zamu yao imeshapita.

Kabla ya yote, kapime presha na sukari. Zahanati yoyote wanapima. Mimi nina presha na dawa nameza. Mazoezi ya mara kwa mara huishusha kwa sababu mishipa ya damu inalegea, na moyo uliozoea kazi unasukuma damu nyingi kwa pigo moja. Sukari nayo hushuka kwa kuwa misuli inayofanya kazi huivuta kutoka kwenye damu. Hata hivyo dozi inapunguzwa na daktari, haipunguzwi na furaha ya kujiona mwepesi. Anayechoma insulini asije uwanjani bila kitu cha sukari, maana inaweza kushuka ghafla, hata saa kadhaa baada ya mchezo. Na ambaye kifua humbana akipanda kilima, huyo aende hospitali kwanza, mpira utamsubiri.

Ukishapima, tafuta watu. Hapa ndipo wengi wanapokwama: mtu ananunua raba, anakimbia peke yake alfajiri mbili tatu, mvua ikinyesha basi, raba zinavaliwa sokoni. Ukiwa na timu, usipotokea unapigiwa simu. Mpira wa pete unataka saba kila upande, lakini hata mkiwa watano anzeni kurushiana. Uwanja kamili ni mita 30.5 kwa 15.25. Kamuoneni mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, mwombeni kona ya uwanja watoto wakishatoka. Pete atawatengenezea fundi wa kuchomelea: upana wa ndani sentimita 38, na ikae mita 3.05 kutoka chini. Msisitizie hicho kipimo cha upana, vinginevyo atakuletea pete ya kikapu. Mistari tunachora kwa majivu, na majivu kwetu hayajawahi kuadimika.

Ratiba ipangwe na kazi yenu. Sisi tunafuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo siku za giza tunacheza mara mbili kwa wiki, saa kumi na moja jioni, mzigo ukishaanuliwa. Mbalamwezi ikifika tunacheza mara nne. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Uwanjani huhitaji mashine kujua uko wapi: ukiweza kuongea lakini kuimba huwezi, hayo ni ya wastani, ukitamka maneno mawili matatu ukatafuta pumzi, hayo ni makali. Wiki za giza tukipungukiwa, tunafidia kwa kupanda kwenda Mwanga kwa miguu na bodaboda tunaiacha ipite.

Mwezi wa kwanza msishindane. Pasheni miili moto dakika kumi: kutembea haraka, kukimbia taratibu, kuzungusha mabega, kuchuchumaa na kuinuka. Halafu fanyeni zoezi moja ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote, nalo ni kutua. Mchezo huu haukuruhusu kutembea na mpira. Ukiudaka unasimama palepale, na kule kusimama kwa ghafla ndiko kunakoua magoti. Sisi wanawake huchana mishipa ya goti kwa urahisi kuliko wanaume katika michezo ya kuruka na kugeuka. Basi ruka, daka, tua kwa miguu yote miwili, iachane upana wa mabega, magoti yakunjike na yaelekee vidole vya miguu, yasiingiane ndani. Usikike kidogo unapotua. Ukitua kwa kishindo, goti ndilo limepokea mzigo wote. Rudieni bila mpira mpaka iwe tabia, kisha na mpira, kisha mtu akikusukuma kidogo begani. Kuruka huku kunasaidia pia mifupa, ambayo kwa mwanamke hupungua uzito kwa kasi hedhi ikishakoma.

Kuna jambo wengi wanalificha. Ukishazaa, hasa ukizaa mara nyingi, ukiruka mkojo unaponyoka. Nimeona watu wanaacha mchezo kwa hilo na wanasingizia kiuno. Bana misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo, hesabu hadi tano, achia, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Unaweza kufanya hata umekaa unasubiri wateja, hakuna atakayejua. Endelea miezi mitatu ndipo uhukumu kama inasaidia. Isiposaidia, kamwone mhudumu wa afya, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Nguo zisikutishe: sisi tunavaa suruali ndani, gauni au sketi juu, na ushungi wa kubana wenye kuutaka. Wanaosema mama mtu mzima anarukaruka, wataongea mpaka waone binti zao wanakuja kutazama.

Sasa kichwa. Sheria inakupa sekunde 3 tu za kukaa na mpira. Kwa sekunde hizo huwezi kuuwazia mkopo wa kikoba. Unaangalia nani yuko wazi, nani anakuja kwa nyuma, unatoa, unakimbia. Saa nzima ya namna hiyo, mawazo yanapumzika hata kama deni liko palepale, na usiku usingizi unakuja mapema na ni mzito. Mazoezi ya kila wiki hupunguza wasiwasi na sonona, hilo wataalamu wanakubaliana. Ila mimi nadhani nusu ya dawa ni watu wenyewe. Ziwa Tanganyika lilipopumzishwa, uvuvi ukasimamishwa, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, wengi wetu kipato kilikatika. Uwanjani watu walizidi. Mwenzetu mmoja alikosa wiki nzima, tukamfuata nyumbani, tukamkuta amejifungia, hapiki, hataki kuongea. Hatukumpa hotuba. Tulimpikia, kesho yake tukamwambia aje achukue filimbi tu. Alichezesha kwa ukali mpaka tukajuta. Lakini mtu asiyelala wiki nzima, au anayesema heri afe, mpelekeni hospitali na mkae naye. Mpira peke yake hautoshi hapo.

Chakula sina mengi. Ugali wa muhogo na dagaa ni chakula cha mchezaji kabisa. Ule saa mbili tatu kabla, maana tumbo likijaa mpira huuoni. Maji kunywa kidogo kidogo tangu mchana. Ramadhani tunacheza muda mfupi karibu na futari, au baada ya tarawehe pale penye taa, na anayejisikia kizunguzungu anakaa.

Kifundo cha mguu kikitenguka, na siku moja kitatenguka, msikimbilie kukanda kwa maji ya moto wala kuchua siku mbili tatu za mwanzo, kitavimba zaidi. Mkalisheni, mfungeni barafu ndani ya kanga dakika 15 hadi 20, wa samaki Kibirizi barafu wanayo. Fungeni bandeji isiyobana sana, mguu uinuliwe. Akishindwa kukanyaga hatua nne, apelekwe akapigwe picha. Akirudi nyumbani apewe daftari la michango au saa ya kuhesabia robo za mchezo, na siku ya mazoezi apitiwe na bodaboda aletwe uwanjani.