Risasi uliyojaza mwenyewe ikienda polepole

Umejaza .308 Winchester, aina ya risasi za bunduki, kitabu cha vipimo vya kujazia kinasema futi 2,650 kwa sekunde, kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, inasoma 2,530. Usikimbilie kuongeza baruti. Angalia kwanza kitabu kilipimia mtutu wa inchi ngapi. Vingi vya Marekani hutumia 24. Wako ukiwa wa 18, kila inchi iliyopungua hula futi 20 hivi, basi hesabu imeshajibu. Bado haitoshi? Pima risasi za dukani kwa kronografu hiyohiyo. Nazo zikipungua kupita hesabu hiyo ya mtutu, shuku kifaa au mwanga wa jua unaopotosha usomaji wake. Kiwango cha juu cha kitabu hakivukwi, kasi ifike isifike. Mizani ya kupimia baruti pia ijaribu kwa jiwe lake la uzito unaojulikana. Mimi nilihangaika wiki nzima, kumbe mizani nimeiweka mbele ya feni.