Somo: Kuchambua hotuba za kudai usawa wa rangi na jinsia, tukianza na msemaji aliyenyimwa jukwaa

Ndugu wanachama, salaam. Wengi mmeomba somo kuhusu mbinu za ushawishi katika hotuba, na nisingependa tulifanye kwa kukariri. Kukariri ni kazi ndogo. Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba msemaji humvuta msikilizaji kwa njia tatu: ethosi, yaani hadhi na tabia ya msemaji mwenyewe, pathosi, yaani hisia za anayesikiliza, na logosi, yaani mantiki ya hoja. Mwanafunzi akishayashika maneno hayo anachukua hotuba ya Martin Luther King, anapigia mstari sentensi tatu, anaandika neno moja pembeni ya kila sentensi, na anaona amemaliza. Hajaanza.

Linalosahaulika ni hili. Katika Athens ya Aristotle, aliyesimama kuhutubia baraza la raia alikuwa mwanamume huru. Mwanamke hakuwa na nafasi pale, mtumwa hakuwa na nafasi, na Aristotle mwenyewe aliandika kwamba wapo watu ambao kwa maumbile yao ni watumwa. Sasa zichukue mbinu zake umkabidhi mtu ambaye hadhira haimhesabu hata kuwa na haki ya kufungua mdomo. Mtu huyo ana kesi mbili. Ya kwanza ni kesi ya kusikilizwa. Asiposhinda hiyo, ile aliyoijia haifiki popote. Hotuba za usawa nazisoma kwa jicho hilo, na hatua zilizo hapa chini zinalifuata.

Hatua ya 1: Andika nani ameketi mbele ya msemaji

Kabla hujasoma mstari mmoja, chukua karatasi uandike tarehe, mahali, na wasikilizaji wanamfikiriaje huyu anayesimama.

Mfano mzuri ni Susan B. Anthony wa Marekani. Novemba 1872 alipiga kura mjini Rochester, akakamatwa kwa sababu sheria za huko hazikumruhusu mwanamke kupiga kura. Akisubiri kesi, alizunguka eneo hilo akihutubia kijiji kwa kijiji, na kichwa cha hotuba yake kilikuwa swali: je, ni kosa la jinai kwa raia wa Marekani kupiga kura? Waliomsikiliza walikuwa wanaume walewale ambao wangeweza kuitwa kuketi katika juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, ya kesi yake. Kesi ikahamishiwa kaunti nyingine, naye akaenda kuhutubia huko pia. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini hotuba yake imejaa vifungu vya katiba na ina machozi machache. Alikuwa anazungumza na watu watakaoamua.

Wakati mwingine hadhira ni mbili. Nelson Mandela, tarehe 20 Aprili 1964, alizungumza akiwa kizimbani Pretoria mbele ya jaji mwenye uwezo wa kumhukumu kunyongwa. Lakini maneno yake yalikuwa yanaelekea nje ya ukuta wa mahakama pia, kwa Waafrika Kusini na kwa dunia. Andika hadhira zote mbili.

Hatua ya 2: Tafuta alivyojipatia haki ya kusema

Hapa ndipo nataka mkae muda mrefu kuliko pengine popote.

Soma mwanzo wa hotuba ya Mandela. Anasema yeye ni mshtakiwa wa kwanza, ana shahada ya sanaa, na amefanya kazi ya uwakili Johannesburg kwa miaka kadhaa pamoja na Oliver Tambo. Msomaji wa haraka anaruka sentensi hizo akidhani ni utambulisho wa kawaida. Hapana. Serikali ilitaka aonekane mhuni anayetumiwa na wageni. Anajibu kwa kuweka mezani cheo ambacho jaji hawezi kukikana, kwa sababu wote wawili ni watu wa sheria.

Fannie Lou Hamer hakuwa na shahada. Alikuwa mkulima wa pamba katika shamba la mzungu huko Mississippi. Tarehe 22 Agosti 1964, mjini Atlantic City, aliketi mbele ya kamati ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic, na alianza kwa jina lake, akalitanguliza na “Bibi” ya heshima, kisha namba ya nyumba, mtaa, mji wa Ruleville na kaunti yake. Fikiri maana yake. Kule kwao mwanamke mweusi aliitwa na wazungu kwa jina la kwanza tu, kama mtoto. Na watu walikuwa wakishambuliwa majumbani mwao kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura. Yeye anajipa heshima aliyonyimwa, halafu anaitajia nchi nzima, mbele ya kamera, mahali anapolala. Hakusema “mimi ni jasiri, niaminini.” Alitaja anwani.

Mwingine wa kutazama ni Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani Maryland mwaka 1838. Tarehe 5 Julai 1852 alialikwa Rochester na chama cha wanawake wapinga utumwa azungumzie sikukuu ya uhuru wa Marekani. Anawaita wasikilizaji “raia wenzangu”, anawasifu waasisi wa taifa, lakini sikiliza viwakilishi vyake: uhuru *wenu*, baba *zenu*, taifa *lenu*. Sentensi baada ya sentensi anajiweka nje ya mlango, kwa upole, mpaka anapofika kwenye swali lililobeba hotuba: kwa mtumwa wa Marekani, Julai 4 *yenu* ni nini? Ukipigia mstari swali hilo peke yake umeyaacha yale maneno madogo yaliyolijenga.

Hatua ya 3: Chunguza hoja, na uone imechukuliwa kutoka kwa nani

Msemaji wa usawa mara nyingi hana haja ya kuleta ukweli mpya. Anachukua kile ambacho mpinzani amekwisha kukubali, anamrudishia.

Anthony anafanya hivyo kwa ngazi tatu. Katiba inasema watu wote waliozaliwa Marekani ni raia. Je, wanawake ni watu? Hakuna atakayethubutu kusema si watu. Basi ni raia, na hakuna jimbo lenye haki ya kuwanyang'anya haki za raia. Mlango wa kutokea umefungwa: ukitaka kumpinga, sema hadharani kwamba mama yako si mtu.

Douglass naye, kwenye hotuba ile ya 1852, anasema hatabishana kama mtumwa ni binadamu, kisha anathibitisha kwa kutumia sheria za wenye watumwa. Virginia, anasema, ina makosa 72 ambayo mtu mweusi akiyatenda anauawa, na kati ya hayo ni mawili tu yanayomletea mzungu adhabu hiyo. Hakuna anayemtungia sheria ya jinai mnyama wa shambani. Kumwadhibu ni kukiri kwamba ana akili na dhamiri.

Si lazima hoja iwe ya kisheria. Sojourner Truth, mwanamke mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, akiwa Akron, Ohio, mwaka 1851, aliwajibu waliosema mwanamke ana akili ndogo kwa mfano wa vipimo viwili vya ujazo, cha mwanamke na cha mwanamume ambacho ni mara mbili yake. Lugha yetu ina maneno yanayolingana barabara: kibaba na kisaga, maana kisaga ni vibaba viwili. Ikiwa mwanamke ana kibaba na mwanamume ana kisaga, kwa nini yeye asijaziwe kibaba chake kikajaa? Tena msiogope kwamba tutachukua kupita kiasi, anasema, kwa kuwa hatuwezi kubeba zaidi ya kibaba kinavyoweza kushika. Hakupoteza muda kupinga kipimo. Alikikubali kwa nusu dakika na bado akashinda.

Hatua ya 4: Kwenye hisia, tafuta kitu kinachoonekana

Ukiandika “anatumia maneno ya kusikitisha” hujasema kitu. Hisia hukaa kwenye kitu unachoweza kukigusa. Hamer mwishoni anauliza kama hii ndiyo Marekani, ambako wanalala simu zikiwa zimeondolewa kwenye viti vyake kwa sababu kila siku wanatishiwa kuuawa. Mkono wa simu uliolazwa kando usiku. Nimesoma mistari hiyo mara nyingi na bado naisikia ile sauti ya laini isiyokatwa.

Emmeline Pankhurst, akihutubia Hartford, Marekani, Novemba 1913, alileta watoto wachanga wawili wenye njaa: mmoja anangoja kwa subira, mwingine analia na kupiga mateke mpaka nyumba nzima inakosa raha. Kila aliyelea anajua nani ananyonyeshwa kwanza. Mfano huo unachekesha kidogo, unagusa, na palepale ni hoja ya kutetea fujo za wanawake wa Uingereza waliodai kura.

Hatua ya 5: Andika uchambuzi kwa mfumo wa “anafanya nini, kwa nani, kwa nini hapo”

Usitaje ethosi, pathosi au logosi mpaka uwe umeandika hayo matatu. Jina la mbinu lije mwisho.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo Mwalimu. Je, ni lazima kila hotuba iwe na nguzo zote tatu? Nimeshindwa kuipata logosi kwa Hamer.

Jibu: Marahaba. Si lazima ziwe sawa kwa uzito. Ila kwa Hamer logosi ipo, imejificha kwenye masimulizi. Anaeleza kwamba Agosti 31, 1962, watu 18 walisafiri maili 26 kwenda kujiandikisha. Mwenye shamba akamtaka aondoe jina lake, naye akamjibu: sikwenda kujiandikisha kwa ajili yako, nilikwenda kwa ajili yangu. Akafukuzwa. Mwaka uliofuata alipigwa ndani ya jela. Kisha anasema haya yote ni kwa sababu tulitaka kujiandikisha. Hiyo “kwa sababu” ndiyo hoja yenyewe: ushahidi kwanza, hitimisho baadaye.

Swali: Mwalimu, kitabu nilichosoma kinasema Sojourner Truth aliuliza “Je, mimi si mwanamke?” mara nne. Mbona hukuitaja sentensi hiyo na ndiyo maarufu?

Jibu: Niliiacha kwa makusudi, na nafurahi umeuliza. Hotuba hiyo ina matoleo mawili. La kwanza liliandikwa na Marius Robinson, aliyekuwepo mkutanoni, na lilichapishwa gazetini Juni 1851, wiki chache tu baada ya hotuba. Ndani yake swali hilo halipo. La pili liliandikwa na Frances Gage, aliyeongoza mkutano ule, likachapishwa mwaka 1863, miaka 12 baadaye. Humo ndimo swali linarudiwa, na Truth anapewa lafudhi ya watumwa wa kusini. Lakini yeye alizaliwa jimbo la New York na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi.

Kwa hiyo ukichambua takriri, yaani kurudiwa, ya swali lile, andika kwamba unachambua toleo la Gage. Ukitaka ethosi ya Truth katika toleo la karibu zaidi, soma Robinson: hasemi “naunga mkono haki za wanawake”, anasema yeye *ni* haki za wanawake. Halafu anataja kulima, kuvuna, kumenya mahindi, kupasua na kufyeka, akiuliza kama kuna mwanamume awezaye zaidi ya hapo. Mwili wake ndio ushahidi. Kinachoniuma ni kwamba mwanamke aliyepigania kusikika tunamsikia kupitia kalamu za wengine, kwa hiyo tuwe waangalifu zaidi tunapomnukuu.

Swali: Mimi ni mwanafunzi, Mwalimu naomba unisahihishie. Nimeandika: “King anatumia pathosi anapotaja watoto wake wanne ili watu waone huruma.”

Jibu: Umeona sentensi muhimu, hongera mwanangu, ila “huruma” imekupunguzia alama. Tufuate hatua ya 5. Anafanya nini? Anasema ana ndoto kwamba siku moja watoto wake wanne hawatapimwa kwa rangi ya ngozi bali kwa tabia yao. Kwa nani? Kwa umati wa watu takriban 250,000 mjini Washington, Agosti 28, 1963, na kwa mamilioni ya wazazi wanaotazama televisheni, wakiwemo wazungu. Kwa nini hapo? Kwa sababu mapema kwenye hotuba ameeleza deni: taifa liliwapa weusi hundi, ikarudishwa kwa kukosa fedha. Sasa anageuka kutoka mdai kuwa baba. Kipimo cha tabia ndicho kila mzazi anachotaka mwanawe apimwe nacho, hivyo anayempinga anajipinga mwenyewe. Umeona? Sentensi moja, nguzo tatu. Andika upya kisha uniletee.

Swali: Kaka, nitatofautishaje kugusa hisia na kuzichezea? Hamer si alilenga watu walie?

Jibu: Ondoa hisia, uangalie kilichobaki. Kwa Hamer kinabaki jina, anwani, tarehe, idadi ya watu, umbali, jina la mji wenye jela. Kila kimoja kinaweza kwenda kukaguliwa. Anayechezea hisia hapendi ukaguzi.

Swali: Na je, Hamer alifanikiwa siku ile?

Jibu: Wakati anazungumza, Rais Lyndon Johnson aliitisha ghafla mkutano na waandishi wa habari ili kamera zimwache. Zikamwacha. Jioni ile vituo vya televisheni vikarusha ushuhuda wake, na watu wengi zaidi wakamsikia wakiwa nyumbani. Ujumbe wake, yaani wajumbe wa Mississippi waliodai viti mkutanoni badala ya ule wa wazungu watupu, uliahidiwa viti viwili tu, naye akakataa, akisema hawakusafiri umbali wote ule kwa ajili ya viti viwili. Mwaka 1968, chama kilipokutana Chicago, Mississippi iliwakilishwa na ujumbe wa weusi na weupe, na Hamer alikuwa miongoni mwao. Alipokwenda kuketi, watu ukumbini walisimama kumpigia makofi.